Hapana ya Bi. Atuganile

Nilikuwa nimekwenda msalani mara tatu kabla ya saa nne asubuhi, na mara zote tatu sikuwa na haja. Korido ya ghorofa ya pili katika jengo la Mamlaka ya Bonde ina vigae mia moja na kumi na sita kutoka mlango wa ukumbi hadi dirishani. Nilivihesabu. Nilipoanza kuvihesabu upya, Mkurugenzi wangu, Mama Aikande, alinishika kiwiko akanivuta kando.

"Sekela, tulia. Unatembea kama mtu anayetafutwa."

"Si natafutwa kweli, mama?"

"Hutafutwi. Wewe ni shahidi." Akaangalia nyuma, kisha akashusha sauti. "Watakuuliza swali moja la maana. Nimeliona kwenye karatasi ya mwenyekiti. Atasema, 'Wewe hukujua kwamba mstari ule una kasoro?' Mnatakiwa kujibu ndiyo au hapana. Wewe jibu 'Ndiyo.' Ukishasema, funga mdomo."

"Ndiyo nilijua, au ndiyo sikujua?"

Alinitengeneza kola ya shati kama mama anayempeleka mtoto shule. "Ndiyo," akasema. "Waache wenyewe waamue wamesikia nini."

Hapo ndipo nilipojua kwamba naye ameelewa kila kitu. Miezi miwili alikuwa akiniambia jambo hili ni la kitaalamu mno, kwamba watu wa kawaida hawataling'amua. Kumbe yeye alilielewa vizuri kiasi cha kulitumia kama kichaka cha kujifichia.

Kwenye benchi karibu na mlango alikuwa amekaa Bi. Atuganile, mjane wa nyumba namba mia mbili na sita. Alivaa kitenge cha buluu na sweta la kiume, nadhani la marehemu. Magotini alishika mfuko wa plastiki wenye kidude cha duara, saizi ya kiganja. Sisi tulikiita Jirani. Kila kaya bondeni ilipewa kimoja cha kutembea nacho, na hicho ndicho kilichosema naye siku ya mafuriko.

Alikuwa akija kila siku tangu Tume ya uchunguzi ianze, na kila siku aliuliza swali moja. Makarani walishachoka nalo. "Nilikosea wapi?" Rasimu ya ripoti ilikuwa na jibu lake, ukurasa wa thelathini na moja, nami nilikuwa nimeisoma mpaka nikaikariri: *Kaya namba 206 ilitoa jibu lisilo sahihi, hivyo mfumo ukaihesabu kuwa tupu.* Yaani mumewe alikufa maji kwa sababu mkewe alijibu vibaya. Watu wa kijijini kwao walishaanza kumsema. Shemeji zake walikuwa hawamwamkii.

Na mimi, niliyejua tangu mwanzo kwamba mama yule alijibu sawasawa, nilikuwa nahesabu vigae.

*

Nieleze basi kazi yangu, maana bila hiyo hamtaona nilipokosea.

Tangu milima ilipoanza kupokea mvua ya miezi mitatu ndani ya siku tisa, bonde la Lupando halikuweza tena kulindwa na mtu mwenye filimbi. Ukajengwa mfumo, ukaitwa Mratibu. Aliendesha mabwawa saba, milango ya maji arobaini na moja, vipima mvua elfu tatu, ving'ora, maboti ya waokoaji, na akaongea na kila kaya kupitia Jirani. Hakuna kichwa cha mtu mmoja kinachoweza kubeba mchoro wa kitu kama hicho. Kwa hiyo Mamlaka ilichukua mabingwa wawili, kila mmoja na njia yake ya kuchambua na kusanifu, ikasema: unganisheni.

Mzee Kunambi alichora miduara na mishale. Kwake dunia yote ni safari. Kitu kinaingia, kinafanyiwa kazi, kinatoka kikiwa kingine. Ukimwuliza mvua ni nini, atakuonyesha inakotoka na inakokwenda. Dokta Rwegoshora alichora masanduku. Kwake dunia imejaa wenye majina: Bwawa, Mlango, Nyumba. Kila mmoja ana hali yake na mambo anayojua kuyafanya, na hapendi mtu wa nje amguse tumboni. Njia ya Kunambi ilikuwa hodari kusikiliza na kupeleka habari. Njia ya Rwegoshora ilikuwa hodari kukumbuka na kuamua. Peke yake, kila moja ingekwama. Wenyewe walijua, na kwa sababu hiyo walichukiana.

Mimi nilikuwa mshenga. Ndivyo walivyoniita ofisini, kwa utani, mpaka jina likaingia kwenye barua za ajira. Mishale ya huyu ilipogota kwenye masanduku ya yule, mimi ndiye nilikuwa nakwenda na kurudi kubeba maneno ya nyumba mbili zisizoaminiana. Walichokubaliana nilikiandika katika Kitabu cha Maungio: kurasa mia mbili, kila mstari ukisema neno hili la upande huu ni kitu gani upande ule. Nilijivunia kitabu kile kuliko cheti changu cha chuo.

Mstari wa themanini na nane ulituchukua wiki tatu.

Mratibu kabla ya kufungua mlango wa bwawa lazima ajue kama nyumba za chini zina watu. Jirani hakuruhusiwa kujua mtu yuko wapi. Wananchi walishagoma kufuatiliwa na wakashinda mahakamani. Basi ilibaki kuuliza. Swali lilitungwa na Kunambi mwenyewe: *Nyumbani hakuna mtu aliyebaki?* Aliyeulizwa aanze na ndiyo au hapana, na Jirani achukue neno hilo la kwanza tu, mengine yafutwe palepale, maana nayo sheria ilikataza kutunza sauti za watu.

"Mzee," nilimwambia, "kwa nini usiulize 'Kuna mtu?' ukamaliza?"

Kunambi akavua miwani. "Wewe Sekela, salamu yetu ikoje? Hujambo. Yaani huna jambo. Tunamwuliza mtu kwa kukanusha ili moyo usimruke. Sasa mvua inanyesha, bibi wa watu ana hofu, unataka kidude kimgongee 'Kuna mtu?' kama mgambo? Kwenye mishale yangu hilo halipiti."

Nikaenda kwa Rwegoshora. Hakuinua hata kichwa. "Binti, mimi sijali anaulizwa vipi. Nyumba yangu ina nafasi moja imeandikwa *kuna mtu*. Ndani yake inakaa ndiyo au inakaa hapana. Mwambie aniletee neno."

Nikampelekea neno. Mstari wa themanini na nane: *Jibu la Jirani linaingia kwenye "kuna mtu" kama lilivyo.*

Tuliujaribu. Wafanyakazi thelathini wa Mamlaka, wote wa vyuo, kila mmoja na Jirani wake. Nyumbani hakuna mtu aliyebaki? Na wao, waliozoea miaka kumi na sita kuwajibu walimu wao kwa Kiingereza, wakasema: "Hapana, hakuna mtu." Hapana ikaingia kwenye sanduku. Kuna mtu: hapana. Sahihi kabisa. Mara mia tisa tulijaribu, mara mia tisa sahihi.

Usiku wa kuamkia siku ya kutia saini Kitabu nilimpigia mama yangu simu, huko Tukuyu. Sikumbuki tulikuwa tunaongea nini, ila niliuliza, "Mama, hakuna mgeni aliyekuja leo?"

"Ndiyo."

"Amekuja nani?"

"Nimekwambia ndiyo, hakuna. Masikio yako yana nini, Sekela?"

Nilicheka. Halafu kicheko kikanikauka. Nikafungua Kitabu, nikaenda mstari wa themanini na nane, nikaweka alama ya kuuliza pembeni kwa penseli. Mama yangu akiwa ametoka nyumbani angesema ndiyo. Akiwa bado yumo ndani angesema hapana, tupo. Na lile sanduku la Rwegoshora lingelipokea kila neno kinyume. Wala nisingeweza kugeuza mstari tu, maana wale thelathini wa vyuoni wangegeuka nao. Neno moja lilikuwa na maana mbili bondeni, kutegemea nani kakulea na nani kakufundisha. Ilibidi Kunambi abadilishe swali lake, au Rwegoshora aongeze nafasi kwenye sanduku lake. Mmoja wao ilibidi ashindwe.

Asubuhi nikafika na kitabu kwapani. Watu wawili ambao hawakuwa wamesalimiana kwa miezi minne walikuwa wamesimama pamoja, Kunambi akimwekea Rwegoshora pilau kwenye sahani. Mama Aikande alikuwa analia kwa furaha. Wote wakaniangalia mimi, mshenga wao, wakanipigia vigelegele.

Nikaenda dawatini kwangu. Nikachukua kifutio. Nikafuta alama.

*

Miezi saba haikutokea kitu. Nilishasahau, au niseme nilishajizoeza kutokumbuka.

Siku yenyewe, bwawa la juu lilikuwa limebakiza sentimita arobaini lifurike. Likipasuka, lingechukua bonde lote pamoja na mji wa Kasyeto, watu sitini elfu. Likifunguliwa kwa mpango, maji yangepita kwenye mashamba na nyumba mia nne na kumi na mbili za chini, ambazo wenyewe walishaambiwa waondoke tangu alfajiri. Mratibu alipanga kufungua saa tisa kamili alasiri. Saa saba aliuliza kaya zote.

Majibu yakaja kwenye kioo cha ukutani ofisini. Hapana: mia tatu tisini na sita. Ndiyo: kumi na sita. Waokoaji wakapanda maboti kwenda kwenye zile kumi na sita zenye watu.

Saa nane u nusu wakapiga simu. "Tumezipitia zote. Milango ina kufuli. Hakuna hata kuku."

Ofisi nzima ikapiga makofi. Mtu akasema wakazi wa Lupando safari hii wamekuwa na adabu. Mimi sikupiga makofi. Kumi na sita wamesema ndiyo, na hawamo. Wamejibu kama mama yangu. Basi wapo wanaojibu kama mama yangu. Na kama wapo, yupo kati ya wale mia tatu tisini na sita aliyesema hapana, tupo, na sanduku likamhesabu hewa.

Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Saa nane na dakika arobaini na tatu nikaingia kwa Mama Aikande bila kubisha hodi. Alikuwa na simu ya Kasyeto sikioni, akafunika kwa kiganja.

"Mama, tusimamishe kwanza. Dakika ishirini."

"Kuna nini?"

"Zile nyumba kumi na sita."

"Si zimekutwa tupu? Hiyo ni habari njema."

"Ndiyo, lakini..."

"Lakini nini, Sekela? Bwawa limebakiza sentimita kumi na nane. Nipe sababu nimwambie Mratibu."

Sababu nilikuwa nayo. Ilikuwa mdomoni. Ilihitaji sentensi moja tu: mstari wa themanini na nane uko kinyume kwa baadhi ya watu. Ila sentensi ile isingekuja peke yake. Angeniuliza umejua lini, na mimi sijui kudanganya nikiangaliwa usoni. Niliogopa. Sina neno jingine zuri zaidi la kuweka hapo. Niliogopa kuvuliwa jina kuliko nilivyoogopa maji.

"Ngoja nihakiki," nikasema.

Nikarudi mezani, nikaanza kuwapigia Jirani wa bondeni mmoja mmoja kwa mkono. Mratibu alikataa. Kwa njia ya Rwegoshora, nyumba iliyokwisha kujibu imefungwa, haiulizwi mara ya pili bila saini za mabingwa wote wawili. Kunambi alikuwa Kasyeto. Nilijaribu hata hivyo, nikabonyeza na kubonyeza kitufe cha kuuliza upya huku najua hakifanyi kitu. Saa tisa kamili milango mitatu ya bwawa ilifunguka, taratibu, kwa ustadi mkubwa, kama tulivyoisanifu.

Bi. Atuganile alikuwa amesema: "Hapana, tupo, mzee wangu hawezi kutembea." Hapana ikachukuliwa, mengine yakafutwa. Jirani akamjibu kwa sauti yake nzuri: "Asante. Taarifa imepokelewa." Mama akamwambia mumewe, Mzee Anyelwisye, wanakuja kutuchukua. Akamvalisha koti. Walingoja. Ilipokaribia saa tisa akapanda barabarani juu kuangalia boti au gari, ili wasiipite nyumba. King'ora kilimkuta huko.

*

Walituita saa nne na robo. Mwenyekiti wa Tume alikuwa jaji mstaafu, mtu mkavu, mpole wa sauti. Karani wa Tume alikuwa Mratibu mwenyewe, na hilo lilinichekesha vibaya moyoni. Maneno ya mashahidi yalitokea kwenye kioo ukutani, na kwa maswali ya ndiyo na hapana alichukua neno la kwanza, kama alivyofundishwa.

Bi. Atuganile alikaa safu ya mbele, mfuko magotini. Mama Aikande alikaa nyuma yangu. Nilisikia bangili zake.

"Mhandisi Sekela," mwenyekiti akasema, "wewe ndiye uliyeandika mstari wa themanini na nane. Tumeelezwa kwamba baadhi ya wakazi walijibu swali kwa namna isiyotarajiwa. Nakuuliza. Wewe hukujua kwamba mstari ule una kasoro?"

Kulikuwa na feni inayolia juu. Nilifikiria neno lile lilivyo dogo. Ningelisema na kuondoka. Kioo kingeandika NDIYO, Mama Aikande angenikumbatia koridoni, na ndani ya mwaka mmoja kila mtu angesoma pale anachotaka. Ukurasa wa thelathini na moja ungebaki ulivyo.

"Mheshimiwa, naomba nisijibu ndiyo wala hapana."

Bangili zikalia nyuma yangu.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu swali lako ni la aina ileile. Nikisema ndiyo, aliyelelewa kama mama yangu ataelewa sikujua. Aliyesoma kama mimi ataelewa nilijua. Mfumo wetu haukujua tofauti hiyo, na sasa mimi nataka kujificha humohumo. Naomba iandikwe sentensi nzima. Nilijua. Nilijua miezi saba kabla. Niliweka alama kwenye kitabu kwa penseli, nikaifuta kesho yake kwa sababu watu walikuwa wanakula pilau na sikutaka kuwaharibia. Mkiishika karatasi dhidi ya mwanga mtaiona."

"Sekela!" Mama Aikande alisema kwa mnong'ono uliosikika ukumbi mzima.

"Na siku ya mafuriko nilikuwa na dakika kumi na saba. Niliulizwa sababu, nikanyamaza."

Mwenyekiti aliweka kalamu chini. Mratibu hakuwa ameandika chochote. Kioo kilikuwa cheupe kinangoja neno la kwanza analolitambua. Mwenyekiti akamwambia karani wa kibinadamu, yule wa kupeleka chai, atafute kalamu na daftari, aandike kwa mkono.

Miguu yangu, ambayo tangu alfajiri haikutulia, ilikuwa imetulia. Sikuona fahari yoyote. Nilijisikia mchovu na mwenye njaa.

Halafu Bi. Atuganile akasimama. Askari wa mlangoni akamsogelea kumkalisha, mwenyekiti akamzuia kwa mkono. Mama hakumwangalia mwenyekiti. Aliniangalia mimi.

"Mwanangu," akasema, "mimi sijasoma haya mambo ya mistari. Nimewaambia hapana, tupo. Nimeambiwa nilikosea, nimelala nalo miezi miwili. Sasa wewe ndiye mwenye kitabu. Kwa hiyo mimi sikukosea?"

"Ndiyo, mama."

Kioo ukutani kikaamka. NDIYO, kikaandika, herufi kubwa, nyeusi.

Mwenyekiti akakitazama kioo, akanitazama mimi. "Ndiyo ipi hiyo, shahidi?"

"Ya kwake, mheshimiwa."

Bi. Atuganile alikuwa ameshaelewa. Alikuwa tayari anafungua fundo la mfuko, polepole, vidole vinamsumbua. Akamtoa Jirani, akamfuta kwa pindo la kitenge, akaja akamweka mezani mbele yangu.

"Basi mchukueni jirani yenu," akasema, akatoka.